DVD au flashi: kuweka Linux kwenye kompyuta ya nyumbani mjini Goma

Kwa mkazi wa Goma anayetaka kuweka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, kwenye kompyuta yake ya mezani, DVD ya kawaida ina nafasi ya GB 4.7 tu, ambayo haitoshi faili la kusakinisha Ubuntu 24.04, aina mojawapo ya Linux, linalozidi GB 5, ingawa aina nyingine, Linux Mint 21, huenea bila shida. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, yaani kuandika faili kwenye diski, DVD-R hiyo (DVD inayoandikwa mara moja tu) imekwisha kazi. Mbili za kwangu sasa zinafukuza ndege kwenye mahindi. Flashi ya GB 8 huandikwa upya, ila kila kilichokuwamo hufutika, basi picha za harusi zihamishwe kwanza. Hata hivyo, kwa mashine kuukuu isiyokubali kuwaka kutoka USB, ningali nahifadhi DVD chache kabatini.