Haradali za duka la viungo sokoni Mtwara: mfuko wa kwanza safi, wa pili mmh

Achari ya embe kwangu haipikwi bila haradali, na siku hizi naziotesha kidogo nitie kwenye kachumbari ya pweza. Nanunua kwa kijana mmoja mwenye duka la viungo karibu na soko. Za kahawia, robo kilo 3,000.

Za mfuko wa kwanza nililoweka usiku, nikatandaza juu ya kitambaa kibichi. Siku ya tatu nakuta nyeupe tupu kama pamba, nikajua ni ukungu. Nikabeba bakuli hadi dukani, nimefura.

"Shikamoo mama. Hebu tuzisuuze kwanza."

Akamwagia maji, pamba yote ikalala. Kumbe vinyweleo vya mizizi! Nikarudi na aibu yangu, na kachumbari ile ilitutoa machozi.

Punje nzima ukiinusa haina kitu. Glukosinoleti, kemikali inayozaa ukali, imekaa huku, kimeng'enya kiitwacho mirosinasi kule. Mpaka utwange na utie maji ndipo vikutane, ukali upande puani. Ila maji yawe ya baridi. Ya moto yanaua kimeng'enya, unabaki na uchungu mtupu. Miaka nimetumia ya moto, nikilaumu wauzaji kwamba wananipa za zamani.

Sasa lawama. Mfuko wa pili, mvua za Machi, aliuchota kwenye gunia lililokaa sakafuni. Hizo nilisuuza mara nne, wapi! Nyuzi zimetoka punje hii zikashika ile, harufu ya gunia lililolowa. Ajabu, nyingine zilichipua humohumo. Mimea ya jamii hii ikivamiwa na ukungu haitegemei akiba ya mbegu tu, inatengeneza dawa ambazo haikuwa nazo kabla, kama brasinini, na ndani yake mna salfa. Salfa! Sisi mikorosho tunaipulizia kwa mashine kwa ajili ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, haradali inajitengenezea dawa yake yenyewe. Lakini sikuonja hata moja, maana ukungu nao una sumu zake. Kuku pia sikuwapa. Nilifukia.

Kijana alinibadilishia bila maneno mengi, safari hii akachota kwenye debe lenye kifuniko. Zimeota zote, kali vilevile.

Nyota nne. Ya tano nitampa siku nikikuta magunia yamewekwa juu ya mbao.