Nilichora tatuu ya nembo ya Bibi: uzoefu wangu

Bibi yangu ana nembo usoni. Ni mistari ya pembepembe iliyopita kwenye mashavu yote mawili, rangi yake kama buluu iliyozama ndani ya ngozi. Alichanjwa akiwa msichana huko Mueda, Msumbiji, kabla hajavuka Ruvuma na babu kuja kwenye mashamba ya mkonge. Fundi wa kwao alikata kwa kisu kidogo, akapaka unga wa mkaa, na vidonda vilipopona rangi ikabaki. Wamakonde wa kule huita dinembo. Mama yangu hana hata mstari mmoja, na mimi sikuwa nao. Niliona kwamba siku Bibi akitutoka, nembo ile itaondoka naye, ndiyo maana nikaanza kutafuta mchoraji hapa Dar es Salaam.

Duka la kwanza nililoingia walitaka shilingi 50,000. Kijana akachomoa sindano kwenye glasi ya maji ya dawa, akaniambia, "Kaa hapa dada." Nikaaga nikatoka. Sindano iliyomchoma mtu mwingine inaweza kukuachia homa ya ini B au C, hata virusi vya UKIMWI. Kama unasoma hapa ili uamue uende wapi, shika hili kabla ya mengine yote: sindano ifunguliwe kwenye pakiti yake mbele ya macho yako.

Studio ya pili iko Kinondoni. Bei 150,000. Nilimwonyesha fundi picha ya Bibi kwenye simu. Akaikuza, akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Dada, hapa kwenye mikunjo sioni kama mistari ni miwili au mitatu. Leo sichori. Nenda kamuulize mwenyewe." Pesa nilikuwa nazo mkononi na foleni hakuwa nayo, lakini hakuichukua.

Nikaenda Mbagala. Bibi hakujibu kwa mdomo. Alinishika kidole cha shahada akakiweka kwenye shavu lake, akakivuta taratibu kutoka karibu na sikio hadi pembeni ya mdomo. Ngozi yake ni laini sana sasa, lakini mstari unausikia, umeinuka kidogo kama uzi wa pindo la kanga. Akakirudisha juu, akavuta tena. Na tena. Mitatu. Nimemjua Bibi maisha yangu yote, na sikuwahi kugusa nembo yake mpaka siku ile. Nilimuuliza maana yake. Akasema alipofika mkonge, kambi nzima wageni, mwanamke mmoja alimtazama usoni tu akaanza kumsalimia kwa Kimakonde.

Mama alinifungulia Mambo ya Walawi 19:28, panapokataza kuchanja chale kwa ajili ya wafu na kuandika alama mwilini. Sikubishana naye. Nilimwambia tu kwamba Bibi yuko hai. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi mwanangu, isikae usoni."

Iko mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Fundi alivaa glavu mpya, akanipa pakiti ya sindano nisome tarehe, akamimina wino kwenye vikombe vidogo ambavyo alivitupa baadaye. Alishauri tuipanue mistari iachane zaidi, kwa sababu wino hutanuka kadiri miaka inavyokwenda na mistari iliyobanana hugeuka doa. Sindano inaingia milimita moja au mbili tu. Wino ukibaki juu unatoka na ngozi, ukizama sana unasambaa. Maumivu? Kama kucha inayokwaruza palepale palipoungua jua. Karibu na kiwiko niliuma kanga.

Kupona kulichukua wiki tatu: sabuni isiyo na manukato, mafuta kidogo, hakuna bahari, hakuna kubandua magamba. Yaliwasha mno wiki ya pili. Lalamiko langu ni moja, maelezo haya alinipa kwa mdomo tu wakati mkono unaniuma. Angeniandikia nisingempigia simu usiku.

Mdogo wangu naye alitaka. Nilimzuia, kwa sababu anasubiri nafasi za polisi, na matangazo yao ya ajira husema wazi kwamba mwombaji asiwe na michoro mwilini. Asubiri ajue anakwenda wapi kwanza.

Mkono ulipopona nilirudi Mbagala. Bibi akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua mstari wa juu kwa nguvu. Haukutoka. Akasugua wa pili, akasugua wa tatu. Kisha akauliza, "Walikupaka mkaa wa mti gani?"