Rangi ya gari imepauka? Cha kununua kwanza, na cha kuacha dukani

Jua la Mombasa halina likizo. Miale yake huvunja gundi inayoshika chembe za rangi, juu pakabaki unga. Ndiyo maana boneti na paa hupauka kabla ya milango, na gari jekundu hugeuka waridi. Chumvi ya bahari nayo hutafuta palipochubuka ikale bati.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Tia polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, usugue mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hiyo ni rangi ya tabaka moja, ya kizamani, na una bahati: unga ukiondoka, rangi nzima mara nyingi ipo chini. Kikitoka bila rangi, juu kuna klia, yaani tabaka angavu lisilo na rangi linalofunika rangi yenyewe. Klia iliyofifia hurudi. Klia iliyoanza kubanduka kama ngozi iliyobabuka, hata ukucha unanasa kwenye kingo zake, hairudi kwa chupa yoyote. Usidanganywe na muuzaji.

Nafasi ya kwanza naipa kompaundi laini pamoja na silanti ya sintetiki. Kompaundi hukwangua tabaka lililokufa, silanti hulinda lililobaki. Nunua vyote siku moja, kwani ukiishia kwenye kompaundi, rangi uliyoifufua unairudisha juani bila kinga. Meguiar's na Turtle Wax wote wana kompaundi za kusuguliwa kwa mkono. Ukiwa kati ya kali na laini, chukua laini. Klia kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele, na ikishakwanguliwa haiongezeki.

Ongeza udongo wa kusafishia rangi (si wa shambani, ni donge laini la dukani linalonasa uchafu ulioganda) na vitambaa vya maikrofaiba. Na maji! Visima vingi vya mjini vina chumvi, na gari likikaukia juani baada ya kuoshwa na maji hayo hubaki na madoa meupe. Suuza kwa maji matamu, ulikaushe kwa kitambaa. Fanya kazi kivulini, asubuhi bati likiwa bado baridi, kipande kidogo kidogo. Kwenye gari jekundu la tabaka moja kitambaa kitaiva wekundu tangu mkupuo wa kwanza. Usishtuke, hiyo ni rangi iliyokufa inayotoka.

Ya pili ni ile chupa moja inayosafisha na kuacha waksi papo hapo. Kwa gari lililofifia kidogo, au kwa asiye na nafasi, inatosha. Waksi ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mti jamii ya mnazi wa Brazil, inapendeza sana machoni, ila kwa joto letu haidumu. Silanti huishinda kwa miezi.

Ya tatu ni kumlipa fundi mwenye mashine. Ningeipandisha juu kama mafundi wote wangekuwa na mashine ambayo pedi yake huzunguka huku ikiyumba. Wengine hufunga pedi kwenye grinda, na grinda huunguza klia kwenye kingo za boneti kufumba na kufumbua. Omba uione mashine, na aanze na kipande kimoja ukiwa hapo.

Ya nne ni kupiga rangi upya: ghali, lakini ndiyo dawa pekee ya klia inayobanduka. Kama ni paa tu lililoharibika, piga paa peke yake.

Ya mwisho kabisa ni mafuta ya kung'arisha, dizeli na mafuta ya taa. Gari huwaka jioni ile, vumbi likanata, na mvua moja inaondoa yote. Yenye silikoni yana ubaya zaidi: ukienda kupiga rangi baadaye, rangi mpya hukataa kushika na kufanya vishimo vidogo. Kama uliwahi kuyapaka, mwambie fundi mapema asafishe mafuta hayo kabla hajashika msasa, maana msasa huyasambaza.