Tochi ya buku mbili ya Mwanjelwa nimeigeuza taa ya kupimia kioo cha darubini

Jamani hii tochi ndogo ya LED tisa nimeinunua Mwanjelwa buku mbili, sio ya kumulikia njia, nilitaka taa ya kupimia kioo cha darubini nachosugua mwenyewe hapa Mbeya, upana inchi 6, fokasi (umbali toka kioo hadi kinapokusanya mwanga wa nyota) mita 1.2. Kipimo ni kile cha Foucault, Mfaransa wa karne ya 19: taa ndogo sana unaiweka mara mbili ya fokasi, kwangu mita 2.4, mwanga unagonga kioo unarudi pembeni tu ya taa, hapo unaukata na wembe jicho likiwa nyuma yake, na kila bonde na kilima cha kioo unakiona kama kivuli.

Ilivyo dukani haifai kabisa, kila LED inarudisha mwanga wake, vivuli vinapandana huelewi kitu. Nikaifungua nikabakiza LED moja na rizista (kile kidude cha kupunguza umeme) ya omu 100, maana betri zake tatu zinatoa volti 4.5 na LED nyeupe inataka kama 3, halafu kichwa chake cha duara nikakisugua na msasa mpaka kikawa bapa chenye ukungu, hapo mwanga unasambaa sawasawa. Msiruke hiyo ya msasa.

Ili mwanga utoke mdogo sana nilianza na tundu la sindano kwenye foili mbele ya LED, likanitesa wiki nzima, ukibonyeza kidogo zaidi ni shimo la msumari, ukibahatisha dogo mwanga ni hafifu mpaka macho yanauma. Nikaacha, nikabandika nyembe mbili zinatazamana, katikati nafasi ya unene wa foili tu. Aisee! Mwanga kibao na vivuli vimekaa vizuri, ila huo mwanya lazima uende sambamba na wembe wa kukatia, ukipinda kidogo vivuli vinafifia.

Kuna usiku nikaona kioo kizima kinachemka kama uji nikajua nimekiharibu, kumbe wife kaingiza jiko la mkaa koridoni, si mnajua baridi ya Julai huku, hewa ya moto yote inaonekana kwenye kipimo. Tuligombana kidogo, jiko likahamia chumbani.

Swichi imekufa wiki ya pili, muuzaji kacheka tu, saa hizi nawasha kwa kusokota waya. LED yenyewe haina shida, nyota 3 kati ya 5.