Paipu za milimita 12 za kusukuma: nimetoa mipira yote ya maji ya zamani kwenye motahomu nikaweka hizi

Wenye haraka niwamalizie hapa hapa. Kama motahomu yako (gari lenye nyumba ndani, la kusafiria na kulala) ni ya kitambo na paipu za maji zimeanza kukatika zenyewe, hizi paipu ngumu kiasi za milimita 12 na fitingi zake (vipande vya kuungia paipu) za kusukuma kwa mkono ndo za kuchukua, na chukua za gari zima, sio kipande. Wenye nafasi tuendelee.

Gari langu lilikuja na ile mipira laini inayoonyesha ndani, imefungwa kwa klipu za chuma. Ikiwa mipya haina neno, shida ni miaka. Ule ulaini unatokana na kemikali iliyochanganywa kwenye plastiki, sasa hiyo kemikali inatoka kidogo kidogo na joto linaiharakisha, na hita za haya magari zinapeleka maji mpaka nyuzi 60 hivi, ndo maana upande wa maji ya moto unakakamaa kwanza. Unaukunja kidogo tu unasikia ka! umebaki na vipande viwili mkononi. Upande wa baridi nao una ya kwake, mwanga ukiupata unaota ule uteute wa kijani kwa ndani alafu maji yananuka. Na klipu ukiikaza kwenye mpira uliokakamaa haizibi kitu, inaupasua tu. Ndo ule mchezo wa kuziba hapa panavuja pale, kila ukigusa kona umeamsha nyingine.

Wenye magari ya Kimarekani ya miaka ya 80 mpaka katikati ya 90 mna balaa lenu peke yenu, zile paipu za kijivu za polibutilini, aina ya plastiki. Zilitumika sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70 mpaka 1995, klorini iliyoko kwenye maji inazila kutokea ndani, hasa fitingi zake za plastiki, na kwa nje unaiona nzima kabisa. Ukikuta kijivu usianze kuikagua, ng'oa.

Haya, sasa mzigo wenyewe. Majina ya watengenezaji utakayokutana nayo sana ni John Guest na Whale. Kila fitingi ina kola ndogo yenye meno ya chuma cha pua, nyuma ya meno kuna oringi, ile pete ya mpira ya kuziba maji, nyuma ya oringi kuna ukingo wa kuizuia paipu. Unasukuma, inapita kwenye meno, unaisikia inakuwa nzito kidogo hapo ndo imefika kwenye oringi, unaongeza nguvu mpaka igote. Alafu unaivuta kama unataka kuitoa, meno yanang'ata. Ukitaka kuitoa kweli unabonyeza kola kwa vidole huku unavuta. Hakuna gundi, hakuna moto, hakuna spana. Utamu wake utaujua siku umelala kifudifudi chini ya kitanda, mkono mmoja umepita nyuma ya tenki, huoni kitu unapapasa tu, yaani hapo klipu na bisibisi ni adhabu.

PEX ya nusu inchi, aina nyingine ya paipu ya plastiki, nayo ni nzuri, Wamarekani wengi wanaenda nayo, ila ile ya kubana pete inataka koleo yake na hilo koleo linataka nafasi ya kufungua mikono. Nyuma ya sinki la motahomu nafasi hiyo unaitoa wapi? Na usiiache juani, jua linaiharibu.

Kitu kimoja ambacho watu wanakidharau ni kukata. Nunua mkasi wa paipu, ni kitu kidogo tu, kisu kinakata upande na msumeno unaacha nyuzinyuzi zinazokwenda kukwaruza oringi. Kabla hujasukuma pitisha ukucha kwenye ule mwisho wa paipu, ukisikia mchirizi hata mdogo kata tena, maana oringi haizibi mchirizi, hapo patatoka jasho polepole mpaka mbao zioze ndo ushtuke. Alafu pima kina cha fitingi uweke alama ya kalamu kwenye paipu, alama isipozama paipu haijafika, hata kama mkono unakwambia imefika.

Sasa lawama. Hizi paipu ni ngumu bana. Hazikunjiki kama mpira, na ukilazimisha kona karibu na fitingi paipu inaegemea oringi upande mmoja, leo haivuji, gari likishatikisika barabarani inavuja. Kwa hiyo kila kona kali unaweka elbo, yaani fitingi ya kona, na elbo zinakula hela kimya kimya. Zifunge ukutani kwa vishikio, na zinapopita kwenye tundu la mbao vesha kipande cha mpira zisisuguane.

La pili, seti hazijitoshelezi. Paipu unapewa za kumwaga, lakini koki nyingi za zamani zina mkia wa kuvalisha mpira wa milimita 10 na pampu ina mdomo wa nyuzi za kuskrubu za nusu inchi, adapta zake za kuunganishia na paipu hizi unatafuta mwenyewe. Hesabu adapta kwanza ndo uagize. Na elbo za bei ya chee zisizo na jina, mi muuzaji simtaji, moja ilikuja kola yake ina ufa tayari na nyingine ilianza kulowa siku ile ile. Zilizobaki nimeziweka pembeni, siziamini.

Kujaribu: jaza tenki, washa pampu, fungua koki moja moja mpaka ziache kukohoa hewa, kisha funga zote. Pampu inyamaze na ibaki kimya. Ikijiwasha yenyewe kidogo kidogo wakati hakuna aliyefungua maji, kuna mahali panavuja, au ni valvu ya pampu yenyewe. Zungushia tishu kavu kila jointi, tishu inakuonyesha unyevu ambao kidole hakiusikii. Na ukija kuunganisha bomba la nje weka kipunguza presha, maana pampu ya volti 12 kwa kawaida haizidi sana presha ya baa 3 lakini bomba la mtu hujui lina ngapi.

Ukiwa umeshafungua kila kitu weka na valvu ya kumwagia maji sehemu ya chini kabisa. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, paipu inaweza ikavumilia ila fitingi inapasuka. Mwisho safisha mfumo mzima kwa dawa ya klorini ya maji ya kufulia (bleach) isiyo na manukato, robo kikombe kwa lita 57 hivi za maji, acha ilale usiku kucha, suuza mpaka harufu iishe.

Nyota nne kwa paipu na fitingi zenye jina. Ya tano nitaitoa siku wakianza kuweka adapta za pampu na koki ndani ya seti.