Tandiko la mitumba kwa mali kauli, Lexington: naipa nyota nne

Hapa Lexington, Kentucky, ukitaka tandiko la farasi unaweza kununua jipya la Kifaransa, CWD au Devoucoux kwa mfano, na bei yake imeshapita dola 5,000 kabla hujagusa vikuku vya kukanyagia wala mshipi wa tumboni. Unaweza kununua mtandaoni kwa mtu usiyemjua, ukaoneshwa picha nne na kuambiwa "halina shida". Au uende duka la mali kauli: wenye matandiko huyaleta, duka huyatundika, likiuzika duka hukata chake na mwenye mali hupata kilichobaki. Mimi nilikwenda huko. Duka lenyewe liko nje kidogo ya mji, na kwa kuwa nina ya kulisifu na ya kulilaumu, jina nimeliacha.

Mjue kwanza ni nani anayesema. Nilikuwa saisi, mtunza farasi, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, na huku pia kazi yangu ni ya zizini. Farasi nawajua. Ila tandiko la mbio ni kijitu tu, unalibeba kwa vidole viwili, na joki mwenyewe halikalii, anachuchumaa juu yake. Hili nililokuwa nalitafuta ni la binti yangu anayejifunza kuruka vizuizi. Atalikalia saa nzima, na uzito wote utamshukia farasi mgongoni.

Farasi mwenyewe ni wa damu ya mbio, aliyeachishwa kazi. Huku wamejaa. Mji huu ndio wenye Keeneland, uwanja wa mbio na wa mnada wa farasi, na kila Oktoba pale Kentucky Horse Park hufanyika mashindano ya hao hao waliostaafu, kuonesha wamefundishwa nini kipya. Akitoka mbioni, mgongo wake unakuwa umekonda: nundu ya mabega imesimama juu, kushoto na kulia pamebonyea. Mlishe vizuri, mfanyishe kazi ya taratibu, misuli inajaa na mgongo unapanuka. Tandiko lililomkaa mwezi wa tatu litambana kabla mwaka haujaisha. Mtu akiniambia nimnunulie farasi wa namna hiyo tandiko jipya la dola elfu sita, namwona ana pesa za kuchezea.

Sasa duka. Ndani kuna vyuma vya kutundikia kuanzia sakafuni hadi kifuani, na harufu ya ngozi na sabuni ya gliserini inakukuta mlangoni. Kila tandiko lina kikaratasi: aina, ukubwa wa kiti kwa inchi, upana, bei. Bei hiyo haipangwi na duka. Inapangwa na mwenye tandiko, na wengi wanaandika walichokitoa wao wakati ule, si kile tandiko linachostahili leo. Kwa hiyo usiishangae, wala usiilipe. Geuza kikaratasi. Nyuma, kwa kalamu ndogo, wanaandika tarehe lilipoletwa. Lililokaa tangu msimu uliopita linazungumzika, na dada wa dukani atampigia mwenyewe simu ukiwa umesimama hapo hapo. Nilitaja bei yangu, akatoka nje na simu, akarudi anacheka: "Amekubali, ila amesema roho inamuuma."

Kuhusu ukaguzi, nashukuru wananiacha nilipindue tandiko bila kunisimamia. Natoa vikuku, naliweka magotini chini juu, naliangalia kutoka nyuma kwa jicho moja. Mfereji wa katikati uende mstari ulionyooka. Ukiona umepinda, rudisha chumani. Baadaye nalisimamisha, upinde wa mbele tumboni kwangu, navuta ukingo wa nyuma. Kiunzi cha ndani, ambacho kwa kawaida ni mbao zilizobandikwa tabaka kwa tabaka na kuimarishwa kwa chuma, kinatakiwa kunepa kidogo na kurudi. Kikikunjika katikati au kikalia kwa ndani, kimevunjika, na hakuna bei nzuri ya tandiko lililovunjika kiunzi. Mwishowe natazama mikanda ya kufungia mshipi. Matundu yawe mviringo. Yakiwa yamevutika marefu kama tundu la kifungo cha koti, jua utaibadilisha yote, na hiyo gharama iondoe kwenye bei sasa, usisubiri.

Nyota ya tano waliipoteza kwenye upana. Kikaratasi kiliandika "wastani" kwa matandiko matatu niliyoyapanga sakafuni, na hata bila kupima ungeona hayafanani. Wastani wa kiwanda kimoja ni mwembamba wa kiwanda kingine. Stübben, Wajerumani walioanza Krefeld mwaka 1894, wao wanapima kwa sentimita, 29, 30, 31, na namba iko kwenye tandiko lenyewe. Wauzaji wa duka hili majina wanayajua kama sala. Mgongo wa farasi hawaujui. Ukienda bila kipimo chako utauziwa jina. Mimi nilichukua waya mnene, nikaukunja juu ya mgongo wa farasi nyuma tu ya fupa la bega, nikauchora kwenye boksi la katoni na kulikata. Nilipoingia dukani na boksi langu walinitazama vibaya, lakini katoni haidanganyi.

Kinacholiokoa duka hili ni ruhusa ya kujaribu. Wanakata bei nzima kwenye kadi, unakwenda na tandiko siku tano, ukirudisha bila mkwaruzo pesa inarudi. Masharti: kitambaa chini yake, na mikanda ya vikuku uivalishe soksi ndefu isiache alama kwenye mabawa ya tandiko, ngozi zile za pembeni. Sharti hilo usilipuuze, maana mkwaruzo ukionekana umelinunua.

La kwanza tulilochukua lilikuwa la Kifaransa, dola 1,900, ngozi laini ajabu. Binti alikaa tu akasema, "Baba, hili hili." Nikamwambia tumsikilize farasi kwanza. Tulimpanda kama dakika arobaini, mwendo wa kukimbia kidogo na miduara, kisha nikafungua mshipi na kulinyanyua tandiko juu moja kwa moja, bila kuliburuta. Hapo ndipo pa kusoma. Jasho lilikuwa limelowesha mgongo wote vizuri, manyoya yamelala, isipokuwa sehemu mbili nyuma ya mabega, kila moja kiasi cha kiganja cha mtoto, kavu kabisa, manyoya yamesimama. Panapobanwa sana jasho halitoki. Mbanano huo ukiendelea, manyoya huota meupe, na kila mnunuzi wa farasi atakayekuja baadaye ataona ulichomfanyia. Nilipogusa pale kwa kidole alitupa masikio nyuma.

Mito ya chini ya tandiko lile ilikuwa ya sponji, kama Wafaransa wengi wanavyotengeneza, na sponji huwezi kuipunguza hapa na kuiongeza pale. Inayorekebishika ni ile ya sufu. Mkongomani ninayefanya naye kazi, na Lexington Wakongomani ni wengi hata Kiswahili tunakiongea zizini kutwa, aliangalia zile alama akatikisa kichwa: "Papa, rudisha. Hii pesa yako itatembea na miguu ya farasi." Binti alinuna. Tandiko lilirudi, na pesa ilikuwa kwenye kadi siku ya tatu bila maneno. Hapo duka nalipa alama zote.

Tuliloishia nalo ni Stübben Siegfried, kiti inchi 17, upana 29, la zamani, rangi imekolea hadi karibu nyeusi kwenye magoti. Kikaratasi kilisema dola 800, tukatoa 650. Siegfried za zamani zina ubaya wake: mfereji wa katikati ni mwembamba, na lazima uingize vidole uone kama uti wa mgongo una nafasi yake pande zote mbili. Kwa huyu wetu, mwembamba wa mgongo, vidole vitatu viliingia. Fundi wa matandiko alikuja zizini, akafungua mito, akachambua sufu iliyoshikana madonge na kuongeza mbele, dola 240. Jumla bado ni chini ya nusu ya lile la Kifaransa, na jasho sasa linalowesha mgongo sawasawa.

Mwenye bajeti ndogo kuliko hiyo asione haya kuuliza Wintec. Ni za Australia, za plastiki na si ngozi, zinaoshwa kwa mpira wa maji, na chuma cha mbele unakibadilisha mwenyewe kwa bisibisi, kwa rangi: njano ndiyo nyembamba, nyeusi wastani, nyekundu pana. Watu wa maonyesho wanazidharau. Farasi hazidharau. Duka hili huwa nazo, ila haziwekwi mbele, ziko nyuma karibu na blanketi.

Nilijaribu pia duka la namna hiyo hiyo linalotuma kwa posta kutoka jimbo jingine. Picha zao ni safi, wameweka hadi ya kiunzi kwa chini, na kwenye simu wanajibu vizuri. Lakini kurudisha ni kwa gharama yako, na boksi la tandiko si barua. Ukishindwa mara mbili umeshalipa bei ya fundi. Kwa anayeishi mbali na mji wa farasi kama huu, sawa. Kwa mtu wa Lexington, sioni sababu.

Farasi ameanza kujaa mabegani, na 29 ile naona mwisho wake. Nimeshauliza wakinitundikia Siegfried watakata kiasi gani. Wanasema asilimia 30. Nimewaambia 25, kwa kuwa sufu ni mpya na risiti ya fundi ninayo. Wanasema watanipigia.