Feni ya lori la zamani: kagua shina la panga kabla ya kutoa hela

Malalamiko ya wenye Bedford na Mercedes za zamani hapa Tanga ni yaleyale: feni ilinunuliwa Ngamiani inang'aa, baada ya muda panga likachomoka, likatoboa rejeta na kupasua boneti. Ukirudi dukani unaonyeshwa maandishi ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kipenyo na matundu ya bolti kila fundi hupima. Kinachosahauliwa ni shina la panga, pale linaposhikwa na riveti. Feni ya inchi 18 ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, ncha yake inakimbia kama kilomita 240 kwa saa. Panga la gramu 200, uzito wake ukiwa sentimita 15 kutoka katikati, linavuta shina kwa nguvu ya kilo 260 hivi. Mizunguko ikiongezeka maradufu, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Ndiyo maana ufa wa shinani uliovumilia barabara ya Pongwe huachia unapopanda Mombo kwenda Soni, gia ndogo, injini inalia.

Ufa hautafutwi kwa macho matupu. Kwangua rangi kwenye shina, paka mafuta ya taa, subiri dakika 15, futa pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari. Ukiona vumbi jekundu kuzunguka riveti, riveti inacheza; iache hiyo feni. Muuzaji akikukataza kukwangua rangi ya fedha, ameshakujibu.

Chaguo langu la kwanza ni feni ya plastiki ngumu iliyotoka kiwandani kipande kimoja, pamoja na klachi yake ya silikoni (si ya gia; ni kifaa chenye mafuta mazito ya silikoni kinachoizungusha feni), na nikiulizwa chapa nasema Behr bila kupepesa macho. Haina riveti, na hata ikivunjika vipande vyake ni vyepesi kuliko chuma. Hewa ya chumvi ya hapa pwani haiitii kutu. Boksi lenye majina ya Mahle na Behr pamoja lisikutie shaka, kwani Mahle waliichukua Behr 2013. Pima kwanza nafasi kati ya wota pampu na rejeta, maana klachi huongeza urefu, na uzito wake humaliza beringi iliyochoka. Plastiki iliyopauka na kukakamaa usiichukue hata kwa bure.

Klachi ihifadhiwe imesimama. Maduka yetu huzirundika zimelala kama sahani, silikoni inavuja, halafu injini ikichemka unaambiwa fundi wako hajui kazi. Na bei? Taja tu neno "Bedford" uone inavyopanda.

Ya pili ni feni ya chuma ya riveti, mpya kabisa, ya namba ileile ya injini yako. Panga likipinda usilinyooshe, na likipasuka usilichomelee: moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma pembeni ya mshono na kuvuruga mizani. Badilisha feni nzima.

Ya umeme inafaa magari machache. Kubwa hula ampea 20 na zaidi, wakati dainamo ya Lucas C40 inatoa 22 tu; usiku ukiwasha taa, betri inakwisha. Tena inaweza kuanza kuzunguka injini imezimwa, kwa hiyo chomoa waya wa betri kabla ya kuingiza mkono.

Zile za mapanga membamba yanayojinyoosha mwendo wa injini ukipanda, na za mtumba zilizopakwa rangi: hapana.

Wakati wa kufunga, acha angalau milimita 25 kati ya feni na rejeta, nusu ya upana wa mapanga iwe ndani ya kava linaloizunguka feni. Kava lisiachwe gereji eti linasumbua. Injini ikikanyagwa kwa majaribio, utingo asimame mbele au kwenye usukani, kamwe asiwe ubavuni sawa na feni, kwa sababu panga likichomoka huruka kwa upande.